Mwezi wa Kwenda kwa Noela

Mimi sauti yangu ni kubwa, nakwambia mapema usije ukadhani nagomba. Hapa Didia wanasema Juliana akikusalimia wewe, mtu wa kijiji cha pili ndiye anayeitika. Wifi yangu Paskazia ni kinyume changu kabisa. Ukimuuliza neno asubuhi jibu utalipata mchana, tena fupi, na wewe umeshasahau ulichouliza. Kaka yangu Bujiku alipomuoa nilisema huyu hatatuweza, ukoo wetu ni wa kelele. Ametuweza. Analima mpunga na dengu kule mbugani, anauza, anasali jumuiya, anarudi nyumbani, na sijawahi kumsikia akibishana bei na mtu. Anataja bei yake halafu ananyamaza mpaka mnunuzi anaona aibu na kutoa hela.

Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Noela. Huyo binti alisoma kama anakimbizwa. Akapata ufadhili wa kwenda Japani, akamaliza, akabaki huko huko kufanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, mji unaitwa Kanazawa. Wazee hao anawalisha, anawaogesha, anawageuza kitandani. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilishangaa, mtu apande ndege kwenda kumwogesha bibi wa watu wakati bibi wa kuogesha hapa tumejaa! Paskazia akasema, "Ni kazi nzuri." Akaishia hapo.

Bujiku yeye alivutiwa na jambo moja tu la mji ule. Ujana wake wote aliumalizia Geita kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, akatoka na kikohozi na kipande cha dhahabu kisichotosha hata kuziba jino. Sasa Noela akamwambia kwamba Kanazawa wanapiga dhahabu kwa nyundo mpaka inakuwa nyembamba kuliko utando wa maziwa, halafu wanaitandika juu ya aiskrimu, wanakula.  Jioni kaka yangu akaniambia, "Juliana, wanaila. Mimi nilikuwa nazama mita zote zile na kamba kiunoni, kumbe kuna watu wanaisubiri na kijiko."

Mwaka juzi, mavuno yakiwa yameisha, Noela akapiga simu. Hajaonana na mama yake tangu aondoke, na mwenye kuondoka alikuwa binti mdogo wa nywele fupi. Akasema, "Mama, nimekupatia hela ya tiketi. Lakini ni safari moja, kusema kweli sijui kama nitaweza nyingine. Kwa hiyo chagua vizuri mwezi wa kuja. Hapa mji unabadilika sana, ukikosea utaona vibaya."

Basi nyumba ikawa bunge. Tukamwita Mwalimu Eunice, anafundisha jiografia sekondari, mtu mzuri asiye na maringo. Akaja na simu yake, akatuonyesha picha. Mwezi wa nne kuna miti inachanua maua meupe yanayokaribia waridi, mji mzima, watu wanatandika mikeka chini yake na kula. Mwezi wa nane joto, ngoma, mataa ya karatasi. Mwezi wa kumi na moja majani yanageuka mekundu kama moto wa pumba. Halafu akatikisa kichwa. "Ila mwezi wa kwanza na wa pili futeni kabisa. Mji huu uko upande wa bahari unaopata mawingu. Theluji nzito, mvua ya barafu, radi. Hata miti ya bustani wanaifunga kamba matawi yasivunjike. Jua mnaweza msilione wiki."

Mimi nilikuwa chama cha mwezi wa nne, chama cha maua. Nilishamchagulia wifi yangu hata kitenge cha kupigia picha. Bujiku alikuwa chama cha mwezi wa nane, na hoja yake ilikuwa ya mila. Kwetu Usukumani mtu haendi ugenini ovyo. Unakwenda baada ya mavuno, ghala limejaa, ngoma zinalia, kuku wamenona. Ukipiga hodi kwa mtu mwezi wa pili, watu wako kwenye palizi na mahindi ya mwaka jana yameisha, umemvua nguo mwenyeji wako. Atakuchekea pale mlangoni, huku nyuma anamtuma mtu kwa jirani akaazime unga. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hata huyo mgeni ana mwezi wake.

Tukabishana, tukabishana. Paskazia anachambua mchele kwenye ungo.

Jumapili moja baada ya ibada Noela akapiga. Tukaweka spika, simu katikati ya meza. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, mama yako anakuja kwenye maua, mwambie!" Akacheka. Ndipo Paskazia akaweka ungo chini, akasogea.

"Noela. Nisije mwezi gani?"

Sote tukamwangalia. Watu wanauliza waje lini, yeye anauliza asije lini.

"Mwezi wowote, Mama. Ila usije wa kwanza wala wa pili."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, ni baridi tu. Chumba changu kidogo, kuna giza, na mimi mwenyewe nakuwa nimechoka choka. Sitaweza kukupokea vizuri. Nitaona aibu, Mama. Njoo wa nne, uone maua."

"Haya mwanangu."

Nikapiga vigelegele, maana chama changu kilikuwa kimeshinda. Nikaenda kwangu nikalala na furaha. Kesho yake naingia uani namkuta wifi yangu anapepeta, ananiambia bila hata kuinua macho, "Nimempigia Noela. Nimemwambia nakwenda mwezi wa pili."

Toba! Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka juu ya paa. "Wee Paskazia! Una akili timamu wewe? Mtu anakuambia usije kuna giza, wewe ndiyo unafunga mzigo? Safari moja maishani unakwenda kuitupa kwenye barafu?" Bujiku akatoka ndani, naye akauliza lake, na lilikuwa la haki: mwezi wa pili ndio wa kupandikiza mpunga. Ukichelewa wiki umekosa mwaka. Nani ataingia kwenye majaruba, yeye na kikohozi chake?

Paskazia akapepeta mpaka akamaliza. Akakaa kwenye kigoda. Alichosema siku ile ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kinywani mwake kwa mara moja.

"Mama yangu alikuwa Kishapu, mnajua kulivyo kukavu. Nilipoolewa, kila mwaka alinitumia salamu: njoo mwezi wa saba mwanangu, usije wakati wa palizi, njia mbaya. Nikawa naenda mwezi wa saba. Ananichinjia kuku, ananifungia karanga. Nikirudi nawaambia watu mama yangu hana shida. Alipofariki ulikuwa mwezi wa pili. Nikaingia ghalani kutafuta cha kuwapikia waliokuja msibani. Ghala limefagiliwa, Juliana. Nikadhani ni mwaka ule tu. Jirani yake akaniambia, tangu baba yenu afe, kila mwezi wa pili ni hivyo hivyo, alikuwa anakunywa uji wa michembe mara moja kwa siku, na alituapisha tusikwambie."

Michembe ni viazi vitamu tunavyokata na kuanika juani, chakula cha kuvukia njaa. Mtu akisema alikuwa anakunywa uji wake tu, hapa kila mtu anaelewa.

"Sasa huyu Noela," akasema, "picha za maua ametuma. Za ngoma ametuma. Za majani mekundu ametuma. Mwezi wa kwanza na wa pili kila mwaka ananiambia niko salama, kazi nyingi, anakata simu. Nimemlea mimi. Ananikaribisha kama bibi yake alivyokuwa ananikaribisha."

 Nimeishi na mwanamke huyu ua kwa ua, nimezika naye watu, nimecheka naye, na habari ile hakuwahi kunipa. Mimi nikiguswa moyo huwa nakasirika, ndivyo nilivyoumbwa. Nikasema kwa ukali, "Basi mpunga nitapandikiza mimi! Nenda! Na usiniambie nimepanda vibaya ukirudi!"

Akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, wifi."

Mwezi wa kwanza tukaenda Kahama kutafuta koti. Jua linachoma, watu wanajipepea kwa maboksi, na sisi tumesimama kwenye mitumba ya Abdulshakur tunapima makoti ya manyoya. Abdulshakur akauliza, "Mama, huyu anaumwa?" Nikamwambia, "Anakwenda kwenye barafu, punguza bei kabla hajayeyuka hapa." Akatupunguzia, na akaongeza soksi za sufu, akasema hizo hazijawahi kuulizwa na mtu tangu aanze biashara. Paskazia alilivaa lile koti akajitazama kwenye kioo. Jasho linamtiririka, na yeye amesimama ameridhika.

Kasheshe ikawa kwenye mzigo. Alikuwa amefunga michembe, karanga, dengu, unga wa dona na kuku wa kukaushwa. Mwalimu Eunice akatuambia kwa upole kwamba vitu vya shamba na nyama huko uwanja wa ndege vitazuiwa. Wifi yangu akatoa kimoja kimoja, akavipanga juu ya kitanda. Hajawahi kwenda kwa mtu bila kitu, hata kwangu hapa jirani haji bila mboga mkononi. "Mkono mtupu haulambwi," akasema, na nikaona machozi yako karibu. Mwisho akabaki na khanga, kitenge changu cha maua na mwiko wake wa kusongea. Bujiku akasema, "Mwiko? Huko hakuna miiko?" Akasema, "Hakuna huu."

Tukamsindikiza stendi Shinyanga. Akapanda basi la Dar amekumbatia koti kama mtoto mchanga. Mimi nililia kwa sauti, watu wakadhani kuna msiba.

Kisha nikaingia kwenye majaruba. Sikudanganyi, mpunga wa watu ni mzito kuliko wako. Nilikusanya wanawake wa jumuiya, tunainama toka asubuhi, maji yanafika magotini, ruba wananing'inia miguuni, tunaimba ili mgongo usikumbuke. Ujumbe mmoja tu ulikuja: amefika. Siku zikapita, simu hazishiki. Nikaanza kuwaza ubaya. Nikasema huyu mtoto alimkataza, labda amekasirika mama kuja bila kutakiwa. Labda safari yenyewe moja imeharibika, na mimi ndiye niliyesema nenda.

Siku hiyo asubuhi tuko kwenye jaruba la mwisho, nyimbo zimekolea, simu ikaita kwenye khanga yangu, nimeifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Ni yeye, kwa video. Ninaona uso wake na kofia ya sufu. Nikapaza sauti yangu yote, "Paskaziaaa! Theluji umeiona? Mtoto yuko wapi?"

Akaweka kidole mdomoni.

Akageuza simu polepole. Chumba kidogo, kweli, kama jiko langu. Dirishani kweupe, vitu vinaanguka kama pamba, na giza la mchana. Chini kwenye mkeka alikuwa Noela, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, amefunikwa kitenge changu cha maua. Mifupa ya mashavu imetokeza. Mdomo uko wazi kidogo kama alivyokuwa akilala utotoni.

Paskazia akanong'ona, nikalazimika kubandika simu sikioni. "Nilipofika alinifungulia mlango, akapiga magoti hapo hapo. Akanisalimia Kisukuma, mwangaluka mayu, akasema mama nisamehe, ndani hakuna kitu. Nikafungua friji. Kulikuwa na yai moja, wifi. Wakati wa baridi ndio wazee wake wanakufa. Anawaosha, anawavika, anarudi hapa peke yake, hali, halali, halafu anaingia zamu nyingine. Jana amemfunga macho bibi aliyekuwa anamwita mjukuu. Nimemsongea ugali. Unga wa huku si unga, lakini amekula, amemaliza. Amelala toka alipotoka zamu. Anasema alikuwa amesahau usingizi."

"Alikasirika ulipokuja?" Nilijikuta nami nanong'ona.

"Alinishika koti likiwa limelowa theluji, hakuliachia mpaka likakauka."

Nilitaka kuuliza mengine. Nilitaka kuuliza bustani, miti ya kufungwa kamba, ile dhahabu ya kaka yangu. Nikarudisha simu mbele ya macho, nikaona Noela amegeuka kidogo usingizini, na mkono wa mama yake ukashuka ukatulia begani kwake, nikaacha.

Wenzangu nyuma walikuwa bado wanaimba. Nikawageukia, mimi Juliana, nikaweka kidole mdomoni. Wakanikodolea macho kana kwamba nimepagawa. Nikawaonyesha kioo cha simu. Mmoja akaja akachungulia, na wa pili, na wote, miguu imejaa tope.

Paskazia hakukata simu, nami sikukata. Nikaiegemeza kwenye tuta la jaruba, tukainama tena tukapandikiza mstari wa kwanza, na wa pili, kimya, tukimwangalia mtoto amelala. Hakuna aliyeinua sauti mpaka bando langu likaisha.