Sauti ya Bibi Redioni

Mwezi uliopita nilikwenda sokoni Walthamstow, huku ughaibuni, kununua muhogo, nikapita pale palipokuwa ofisi ya teksi. Sasa wanauza kahawa. Nilisimama nje na mfuko wangu mkononi kama mtu aliyepotea, maana wewe hujui, ndugu msomaji, ofisi ile ilikuwa nini nyumbani kwetu.

Tulikaa watatu juu ya duka la viatu: mimi, mama, na bibi mzaa mama aliyetoka Unguja. Nilipokuwa na miaka tisa, bibi alinunua redio kwenye meza ya vitu vikuukuu, akitaka kusikiliza taarifa ya habari ya Kiswahili. Kumbe ilikuwa redio ya kunasa mazungumzo ya redio za upepo, zile za kuitana ndani ya magari. Alipoiwasha jikoni, habari hazikutoka. Walitoka madereva wa teksi wa mtaani na mwanamke wa ofisini aliyewagawia safari.

Mama alitaka irudishwe. Bibi akasema, "Ngoja kwanza, kuna mtu anagombezwa hapa."

Tangu siku hiyo, nikitoka skuli namkuta akipika mikate ya kusukuma, unga umemfika viwikoni, redio iko juu ya pipa la mchele ikikoroma. Mimi natafuna mkate wa moto wenye samli huku nikimtafsiria. Baada ya mwaka mmoja hakunihitaji tena. Akawa yeye ndiye ananipa habari: nani kamkosa abiria, nani kapasukiwa na tairi, barabara gani imefungwa. Yeye mwenyewe alikuwa hatoki zaidi ya sokoni na msikitini.

Mama hakuupenda mchezo huo. Karatasi zetu za ukaazi zilikuwa bado hazijatoka, naye aliogopa kila kitu kilichofanana na kosa. "Nchi hii hairuhusu kusikiliza maneno ya watu," alisema. "Wakijua, yatatufika makubwa." Bibi alipunguza sauti, basi.

Sasa, alasiri moja, dereva wa gari namba saba aliita ofisi kwa wasiwasi. Alikuwa amempakia mama mtu mzima kituo cha basi. Hajui Kiingereza, anaonyesha kidole huku na huku, nusu saa wanazunguka, na sasa analia.

"Mpeleke polisi," mwanamke wa ofisini akasema. "Tutafanya nini zaidi?"

Dereva akamsogezea yule mama kipaza sauti, labda ofisini yupo wa kumwelewa. Jikoni kwetu ikaingia sauti nyembamba: "Jamani, msinipeleke mbali. Mie nataka kwa mwanangu tu."

Bibi aliuacha mkate ukaungua. Mama yangu alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, kwenye nyumba ya wazee, sare bado mwilini. Alimwona bibi ananyanyua simu.

"Usipige, mama! Watauliza umejuaje."

"Na waulize."

Namba ya simu ya ofisi ilikuwa imechorwa kwenye kila gari lao. Hata mimi niliijua kwa moyo. Bibi akasema kwa Kiingereza kilekile cha madereva, maana hakuwa na kingine: "Ofisi, ofisi, nisikilize. Huyo mama ni wa kwetu. Nipe niseme naye."

Mwanamke wa ofisini akakiweka kipokeo cha simu kwenye kipaza sauti chake. Mara sauti ya bibi ikatoka ndani ya redio yetu wenyewe. Niliruka.

"Dada, usilie. Ukifungua mlango kwa mwanao, unaona nini?"

"Ala! Nani wewe?"

"Mzanzibari mwenzio. Unaona nini?"

"Magari makubwa mekundu. Yakitoka yanapiga kelele, roho inaniruka."

Bibi akarudi kwenye Kiingereza. "Namba saba, nyumba iko mbele ya kituo cha zimamoto. Usipite barabara kuu, wanachimba. Zunguka nyuma ya skuli."

Tukangoja. Mama hakukaa wala hakuvua koti. Mwishowe dereva akaita: "Binti yake yuko nje barabarani, miguu mitupu. Ananikumbatia na mimi."

Mwanamke wa ofisini akauliza kwenye simu, "Mama, lakini umetusikiaje?"

Mama yangu akafumba macho.

"Nawasikiliza kila siku," bibi akajibu. "Na huyo namba kumi na mbili anawadanganya. Anasema yuko njiani, naye anakula."

Redio ikajaa vicheko vya madereva. "Endelea kutusikiliza," yule mwanamke akasema. Mama akaketi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Idi iliyofuata, kwenye mkahawa wa Edgware Road tulikokula sikukuu, hakuna meza ambayo hakuisimulia kisa hicho, akimshika bibi begani.

Bibi ametutoka sasa, na yule mama wa kwenye teksi, Mpemba aliyekuja kwetu kila Ijumaa na sahani ya visheti, naye ametutoka. Madereva wa leo wanaongozwa na simu, hakuna anayemwita mwenzake. Watoto wangu wakisikia kisa hiki hudhani nakitia chumvi. Sitii. Mwanamke aliyeingia mji huu na begi moja aliwaelekeza njia waliozaliwa humu, wakamfuata, wakafika. Nilikuwepo, na alikuwa bibi yangu.