Unyoya Uliojikunja

Katika banda langu yumo bata mmoja asiyetaga wala kupanda. Kichwa chake ni cha kijani kilichokolea, na juu ya mkia ana unyoya uliojikunja kuelekea mgongoni, alama ambayo kwa miaka mingi nimewafundisha watu kuwa ni ya dume. Kila asubuhi nikifungua komeo, wenzake hukimbilia karai la maji. Yeye hukimbilia ua wa mashariki, akasimama akiuelekea uwanja wa jirani usio na mtu, akaita. Huita kwa sauti ya jike.

Siamini mizuka. Nilikuwa karani wa mahakama kwa zaidi ya miaka thelathini, nikiyaandika maneno ya walioapa na kuyaacha nje maneno ya waliosimuliwa. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyatamka kwa kinywa changu mwenyewe. Haya ya pili ndiyo yanayoninyima raha.

Nilipostaafu nilihamia shamba hili, si mbali na Gede, nikaanza kufuga bata baada ya kuku wangu wote kufa kwa kideri. Bata ni mgumu zaidi, ilimradi asipunjwe mambo machache. Maji yake yawe na kina cha kuzamisha kichwa kizima, kwani asipoosha macho na pua huziba na kuvimba. Chakula kiwe karibu na maji hayo, maana humeza kidogo na kunywa kidogo. Mimi huchanganya pumba za mahindi na machicha ya nazi ya siku hiyo hiyo. Ya jana huwa yamechacha, nayo yaliwahi kuniulia vifaranga sita. Mahali pa kulala pawe pakavu, na ukuta usiache upenyo wa nguchiro. Tena madume wasizidi: mmoja kwa majike wanne au watano, la sivyo watawachubua majike shingo kwa kuwapanda.

Hapo ndipo watu walipokwama, kwa kuwa hawakujua yupi ni yupi. Walichinja watagaji wakabaki na madume. Wapo walioning'iniza pete kwa uzi juu ya kifaranga na kungoja izunguke. Wapo walioapa kwamba yai lililochongoka hutoa dume. Hili la mayai nililipima. Msimu mmoja nilitia alama ya penseli kwenye kila yai lililochongoka, nikayafuatilia hadi vifaranga wakakua, nikapata madume na majike bila mpango wowote. Tangu hapo sikuruhusu habari ya mayai izungumzwe kwangu.

Njia yangu ni hii. Ngoja kifaranga apite miezi miwili. Mshike kwa mbawa na kifua, usimshike miguu, kwani miguu ya bata huteguka upesi. Kisha msikilize. Jike hupiga kelele wazi, ya kifua kizima. Dume hutoa mkwaruzo kama mtu aliyepatwa na mafua. Unyoya wa mkiani huja baadaye, na dume akinyonyoka hupotea kwa muda, kwa hiyo ni shahidi wa pili. Sauti kwanza, mkia baadaye: hayo niliyarudia kwa kila aliyekuja na kikapu, na walitoka hadi Tezo. Sikuwahi kukosea, nami nilijua kwamba sijawahi kukosea.

Jirani yangu wa mashariki alikuwa mjane aliyenizidi umri, mkulima wa mihogo na minazi. Watu wa pale walimwita hawe, ndiyo bibi kwa lugha ya kwao. Aliachiwa shamba na mumewe, na upande wa pili wa shamba hilo hilo aliishi mtoto wa ndugu wa marehemu, mwanamume wa makamo, akingoja. Nasema akingoja kwa sababu aliniambia mwenyewe, "Mzee karani, ardhi ya ukoo haikai mikononi mwa mwanamke asiyezaa mwana wa kiume." Nilimjibu kwamba sheria inasema vingine. Alitabasamu akanitakia siku njema.

Nilimpa bibi yule bata jike mchanga, mwenye manyoya ya kahawia. Mpwa huyo wa mumewe alikuwapo, ameegemea mlingoti wa ua.

"Isiwe umenipa dume, karani," bibi alisema, "nikakaa nangoja mayai mpaka naingia kaburini."

"Bibi, huyu ni jike. Nikiwa nimekosea, nichinje mimi."

"Wewe huna nyama," alijibu, na wote watatu tukacheka.

Bata alitaga vizuri kwa miaka. Wakati fulani kenge alimkamata mguu wa kushoto. Bibi alimpokonya kwa mpini wa jembe, nami nikamwosha kidonda kwa maji ya chumvi. Alipona, lakini ngozi ya katikati ya vidole ilibaki na pengo. Mtaa mzima ulimjua kwa pengo hilo.

Kisha mayai yakakoma. Bibi aliniambia tu kwamba mtu wake amestaafu kama mimi. Manyoya yakanyonyoka, mapya yakaota, nami kwa kuwa nilikuwa na homa majuma hayo sikumwona.

Nilipopata nafuu nilitoka kupogoa ua. Mpwa alikuwa upande wa pili.

"Shikamoo, mzee karani."

"Marahaba."

"Hebu nisaidie. Yule pale karibu na kisima, dume au jike?"

Bata alikuwa amenipa mgongo, hatua thelathini hivi kutoka nilipokuwa. Niliona unyoya. Sikungoja aite.

"Dume."

"Una hakika?"

"Unyoya ule hata kipofu angeupapasa akajua."

"Maana wewe hujawahi kukosea."

"Sijawahi."

Alinishukuru kwa adabu iliyopita kiasi. Nikaendelea kukata matawi.

Baada ya siku tatu habari zilikuwa zimenizunguka. Bata wa hawe, mwenye mguu wa pengo, ambaye karani alisimamia kuwa ni jike na mayai yake yakaliwa na mtaa mzima, sasa karani huyo huyo amesimamia kuwa ni dume. Nani anaweza kugeuza jike kuwa dume uani kwake? Juma hilo mtoto wa nyumba ya tatu alishikwa na degedege, na hilo nalo likaunganishwa. Mtoto alipona kwa dawa za zahanati, lakini kupona kwake hakukusimuliwa.

Mimi sikufanya lolote. Nilijiambia kwamba maneno ya kuambiwa hayajibiwi, kwa sababu kuyajibu ni kuyapa heshima. Nayajua yanayowapata wazee katika sehemu zetu hizi yakishasemwa maneno ya namna hiyo. Faili za mambo hayo zilipita mikononi mwangu, na picha zilizokuwamo. Hata hivyo nilikaa barazani kwangu, nikanywa chai.

Bibi ndiye aliyekuja, mchana kweupe, na bata ndani ya tenga. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa.

"Karani, ulisema nini?"

Nilimweleza nilichoulizwa na nilichojibu.

"Basi nenda kaseme umekosea. Sema macho yamezeeka."

"Siwezi kusema hivyo, bibi. Unyoya ni wa dume."

"Na mayai uliyokula kwangu?"

"Ni ya jike. Lazima pana sababu."

"Sababu ni uzee!" Alivuta leso, akanionyesha kidevu chake, palipokuwa na nywele chache nyeupe. "Hata mimi nimeota ndevu. Nani amekuja kuniuliza kama nimekuwa mwanamume? Waambie hivyo, wacheke, waende zao."

Nilimwambia kwamba huo ni mzaha, si ushahidi. "Sitaki ushahidi, karani," alisema. "Nataka kulala kwangu."

Kesho yake nilikwenda Kilifi kwa afisa wa mifugo. Aliniambia kwamba kila jike ana kitu ndani ya mwili wake kinachomweka kuwa jike. Kikinyauka kwa uzee au maradhi, manyoya hugeuka yakawa ya dume, lakini koo hubaki vile lilivyoumbwa. Nilifurahi mno. Njia nzima nilikuwa nikizipanga hoja zangu. Haikunipitia akilini kwamba nimesafiri kwenda kuambiwa jambo ambalo bibi alinionyesha kwa kidole kwenye kidevu chake.

Nilimwomba mzee wa mtaa aite watu. Walikuja wengi, wakajaza mabenchi na ukumbi wa nyumba yake. Bibi alikaa kwenye kigoda kando, mikono mapajani. Nilisimama na bata, nikaongea kama aongeaye mbele ya hakimu. Niliwaonyesha pengo la mguu, wakakubali kwamba ni yule yule. Niliwaonyesha kichwa na mkia. Nikawaeleza habari ya kile kitu cha ndani. Kisha nikasema sauti haidanganyi, nikamkaza kidogo chini ya bawa.

Akaita. Kelele wazi, ya kifua kizima, ikajaa ukumbini.

Nilikuwa nimetazamia minong'ono ya watu walioridhika. Waliokaa benchi la mbele walisimama wakarudi nyuma. Mama mmoja alimfunika mtoto wake masikio.

"Mmesikia," mpwa alisema, bila kupaza sauti. "Sikusema mimi. Amesema karani. Ni yule yule, amegeuzwa mwili, na ndani yake bado analia mwanamke."

"Sikusema amegeuzwa!" nilisema. "Nimesema amezeeka!"

"Hawe naye amezeeka," alijibu mtu kutoka nyuma. Hapakuwa na aliyecheka.

Bibi aliinuka, akakung'uta leso yake. "Umemaliza, karani?"

Nilikuwa nimemaliza.

Siku iliyofuata walikata mihogo yake yote mchana, ikaachwa imelala chini. Siku ya pili mlango wake ulikutwa umepakwa masizi. Chifu alimshauri aondoke kwa muda, na binti yake akaja kumchukua kumpeleka Jilore. Aliondoka na godoro, sufuria mbili na jembe. Bata alinikabidhi mimi juu ya ua.

"Kaa naye wewe," alisema. "Wewe ndiye unayewajua."

Huo muda haujaisha. Makuti ya nyumba yake yameporomoka upande mmoja, na mpwa amepanda mahindi hadi kizingitini. Kutoka barazani kwangu bado nauona mlango, na masizi yenye umbo la viganja ambayo mvua mbili hazikuyatoa. Bata huuelekea mlango huo. Nilijaribu kumhamishia banda la magharibi. Alizunguka nyumba yangu akarudi pale pale. Nilimwekea dume na majike wapya. Yeye hawataki, wala wao hawamtaki. Sisemi kwamba anamwita mtu. Bata huzoea mahali alipokuwa akilishwa, na hiyo ni sababu tosha. Najiambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi husubiri, nimeshika komeo, kabla ya kufungua.

Mwaka huu nilikwenda Jilore. Nilimkuta bibi anapukuchua mahindi, amekonda, lakini macho ni yale yale. Nilimwamkia, nikasema, "Nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Nilitazama mkia nikaacha kusikiliza sauti."

"Hayo ni ya bata. Nakuuliza yangu."

Nilishindwa kuzipanga hoja. Nikasema, "Uliniomba neno moja, nikakupa hotuba."

Alipukuchua hindi zima kabla ya kujibu. "Kayaseme kule ulikoyasemea yale mengine." Kisha akauliza, "Anaendeleaje?"

"Anaita kila siku, ameelekea kwako."

"Msimchinje," alisema, akachukua hindi jingine.

Nilirudi, nikamwomba mzee wa mtaa aite watu tena. Safari hii walikuja kumi na mmoja. Niliwaambia kwamba nilikosea, kwamba macho yangu yamezeeka, kwamba bata huota manyoya ya dume kama vile mwanamke mzee aotavyo ndevu, na kwamba hawe hana kosa lolote na arudi kwake. Nilisema mzaha wake ule ule, neno kwa neno. Hawakucheka. Ulikuwa umechelewa, tena katika kinywa changu haukuwa mzaha.

"Pole, mzee," mpwa alisema kwa upole, kama anenaye na mgonjwa. "Nenda kapumzike." Kisha akawageukia wenzake. "Ila huyo bata yuko kwake sasa."

Hilo nalo nililisikia kwa masikio yangu, na sikuambiwa na mtu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeniletea bata nimtambulie. Wanaonijia njiani husalimu mapema, wakiwa bado mbali, ili wasilazimike kusimama. Binti yangu hunipigia simu akinitaka nihamie kwake mjini. Namjibu kwamba mimi ni mtu wa sheria, na kwamba nina bata wa kuwalisha. Mama anayeniletea machicha alikuwa akiingia hadi jikoni, akipiga soga. Siku hizi hutundika kikapu kwenye mlingoti wa ua, akaondoka bila kupiga hodi.

Asubuhi hii nilifungua banda. Wakakimbilia karai, naye akakimbilia ua, akaita. Nilikwenda nikasimama kando yake hadi aliponyamaza. Kisha nikaenda kwenye mlingoti kuchukua machicha. Kikapu hakikuwapo.