Siku Niliyopiga Soko la Mwingi X

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine, kwa sababu Mwingi mzima wanaijua na kila mtu ameiongezea chumvi yake: ile asubuhi soko lilitaka kuhama, aliyelihamisha ni mimi. Sio kaunti, sio watu wa barabara, sio shetani. Ni mimi Mwende, mwenye studio ya picha pale karibu na poshomili, mwimbaji wa kwaya, mtu anayejulikana kwa heshima zake (zilizokuwepo).

Mambo yalianza vizuri kabisa. Kuna klabu ya wapiga picha, watu wa mji wa Wote na wa Machakos na wengine wanaoishi Nairobi lakini kwao ni huku, ambao huchagua mji na kuutembea kwa miguu wakipiga picha. Kiongozi wao, jamaa mmoja mrefu mpole anaitwa Musyoka, akanipigia simu akasema, "Dada Mwende, tumechoka na Nairobi, kila siku ni magorofa yale yale. Tupangie njia ya kupita hapo Mwingi, asubuhi jua likiwa bado chini." Nikasema hakuna shida, kwa sauti ya mtu ambaye amepanga njia kama hizo tangu azaliwe (sikuwa nimepanga hata moja).

Na niliitaka sana hiyo kazi. Tuambiane ukweli, studio ilikuwa imebaki na picha za paspoti na za mazishi, maana siku hizi kila mtu ana simu na kila simu ina kamera. Wageni wakipenda mji wetu wangerudi, wangeleta wenzao, na mimi ningekuwa mtu wa kuulizwa. Kwa hivyo nikakaa chini nikapanga kama wale wa majiji makubwa ninaowaona mtandaoni, jua linatokea wapi, kivuli kinaanguka wapi, mtu asimame wapi. Ningewatoa steji ya matatu, niwapitishe kwa wauza nyanya ambapo mabati yana matundu na jua linadondoka juu ya nyanya kama sarafu, halafu kwa duka la Mzee Abdi lenye mlango wa bluu, halafu kwa veranda ya mafundi cherehani, halafu kwa lango la kanisa letu, ambapo ukisimama vizuri unaona mnara wa msikiti na kilima nyuma yake kwa picha moja, halafu tumalizie soko la mbuzi. Ilikuwa njia nzuri. Hata leo nasema ilikuwa njia nzuri.

Shida ikawa alama. Nilitaka kila mgeni ajue pa kusimama bila mimi kupiga kelele kama kondakta. Nikafikiria kubandika karatasi, lakini Mwingi mbuzi wanatembea mjini kama wenye mji, na karatasi kwao ni chai ya asubuhi. Nikakumbuka mkebe wa rangi niliyobakisha tukipaka geti nyumbani. Rangi nyekundu. Na alama rahisi kuliko zote, ambayo hata mtu aliyechoka anaiona, ni gani? X.

Jameni, mimi nimezaliwa Kenya nikakulia Kenya, najua kabisa nyumba ikiamka na X nyekundu ukutani tingatinga haliko mbali, lakini hiyo jioni akili yangu yote ilikuwa kwa jua na vivuli. Nikapita watu wakifunga maduka, Mzee Abdi na wenzake wakiwa msikitini kwa Magharibi, nikachora haraka haraka, moja hapa, moja pale, kubwa za kuonekana. Nikajiambia wenyewe nitawaeleza asubuhi. Hapo ndipo nilipopotea. Hayo maneno tu, "nitawaeleza asubuhi."

Asubuhi nikafika na kamera shingoni, nimevaa sketi yangu ya Jumapili, na kitu cha kwanza kusikia ni nyundo. Kibanda cha Mama Kanini, muuza nyanya, hakikuwa na paa. Mama Kanini mwenyewe alikuwa juu ya kiti, leso kiunoni, anang'oa misumari.

"Mwende! Umeona? Wametupiga X!"

Sasa, mtu mwenye akili angesema hapo hapo, mama, shuka, ni mimi. Mimi nikafungua mdomo, nikaangalia ile nyundo, na kilichotoka ni, "Nani?"

"Nani mwingine? Kaunti! Usiku kama wezi! Na hawakuandika hata barua! Heri nibomoe mwenyewe nibaki na mabati yangu."

Nikajiambia ngoja ashuke kwanza nimweleze polepole. Lakini kabla hajashuka wakafika mafundi cherehani wamebeba mashine zao kichwani, na mmoja akasema huyu Mwende si ana kamera, apige picha, iwe ushahidi. Wote wakasema ndiyo, ndiyo, ushahidi. Nikashikwa mkono. Nikazungushwa soko zima nikipiga picha X zangu mwenyewe, moja baada ya nyingine, na watu wananielekeza, "Hii ichukue karibu, mwiitu, binti yetu, tuone vile wamepaka bila huruma." (Walikuwa na haki. Pale kwa mafundi nilikuwa nimepaka bila huruma.)

Kwa Mzee Abdi lori lilikuwa limesimama na magunia ya sukari yanapanda. Mzee huyu amekuwa Mwingi tangu nikiwa mtoto, aliuza mbuzi kwanza, halafu akafungua duka, na hajawahi kunikataza kitu. Akaniona akasema, "Binti yangu, chukua soda, leo ni siku ngumu." Nikaichukua, nikaiweka chini bila kuifungua.

Tukafika kanisani. Pasta alikuwa amesimama mbele ya lango lenye X, umati umemzunguka, na akaamua kwamba kabla hatujaenda kuandamana kwa ofisi za kaunti, kwanza tuombe. Tukainamisha vichwa. Akaanza taratibu, akapanda, akapanda, mpaka akafika mahali akasema, "Na ule mkono, Bwana! Ule mkono uliochora alama hii kwa lango la nyumba yako! Ukauke!"

"Amina!" soko likaitikia.

Mimi nikasema amina ndogo sana, mkono wangu ukiwa ndani ya mfuko wa sketi.

Nikafungua macho nimeamua kusema, wallahi nilikuwa nimeamua, na hapo hapo mtu akapiga kelele, "Masaveya! Wapima ardhi wa kaunti wamefika!"

Nikageuka. Ni klabu. Wanatembea kutoka steji kwa mstari mzuri, wamebeba kamera kubwa na vile vyuma vya miguu mitatu vya kusimamishia kamera, na wamevaa, Ngai, jaketi zile za manjano za kung'aa wasigongwe na magari. Hata mimi ningewadhania masaveya. Watu wakawazunguka, mtu akashika chuma cha Musyoka akavuta, na Musyoka, ambaye hakujua chochote duniani, akasema kwa upole wake wote, "Habari zenu? Sisi tunafuata zile X."

Mngurumo uliotoka pale sijawahi kuusikia hata mpirani.

Kisha akaniona. Yeye ni mrefu, anaona juu ya vichwa vya watu. Uso ukamng'aa, akanipungia mkono, akaita, "Aaa, Dada Mwende! Umechora vizuri! Tumeziona kutoka mbali!"

Nyundo zilinyamaza. Cherehani zilishushwa. Mji mzima ukanigeukia polepole, na mimi nikapanda juu ya kreti ya soda wanione wote. Nikasema, "Ni mimi. Sio kaunti. Hakuna mtu anabomolewa. Hizo X ni mahali pa kusimama upige picha, na nilikuwa niwaambie, na sikuwaambia, na Mama Kanini naomba unisamehe."

Mama Kanini akakaa juu ya mabati yake aliyokuwa ameyaburuta mpaka hapo. "Nimejibomolea," akasema. "Kwa mikono yangu." Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu ambaye angependa kulia lakini hana nafasi, na kikaenda kikashika mafundi, kikashika wenye mbuzi, mpaka pasta akageuka akatazama ukuta mabega yakitikisika. Mzee Abdi hakucheka. Alikuja karibu akasema, "Mwende, picha yangu ya paspoti ulinikata sikio, nikanyamaza. Leo sukari yangu iko kwa lori. Hii sukari itashuka, na wewe utaishusha."

Nikaishusha. Sio peke yangu, klabu nzima ilivua majaketi ikabeba magunia na sketi yangu ya Jumapili ikajaa vumbi la magunia. Musyoka, kwa sababu ya urefu wake, alipewa paa la Mama Kanini, na akalipigilia vizuri kuliko lilivyokuwa. Pasta naye aliombwa na washirika arudi mbele za Bwana kuhusu ule mkono, akasema kwa ufupi kwamba tunaomba usikauke bado, una kazi. Kazi yenyewe ilikuwa mafuta ya taa na brashi, X baada ya X, na kila mwenye ukuta amesimama nyuma yangu akisema hapo hujafikia.

Ile klabu ilipata picha bwana! Hakuna aliyejali jua liko wapi. Mojawapo ikasambaa kwa WhatsApp, mimi nimepiga magoti katikati ya soko nikisugua, kichwa chini, brashi haionekani, umati umenizunguka, na jioni mama mkwe wangu akapiga simu kutoka Nuu, mama anayeomba kwa ajili yangu tangu niolewe. "Mwende," akasema kwa furaha, "nimekuona. Kumbe umeokoka kweli kweli!" Nilishindwa kumwambia. Akatoa ushuhuda kanisani kwao, na sasa nikienda Nuu naombwa nisimame niwasalimie washirika kama mwana mpotevu.

Klabu imerudi mara kadhaa. Njia ni ile ile. Lakini siku hizi kabla ya wageni kufika napita mwenyewe bila kamera, nasalimia mlango kwa mlango, nakunywa chai yote ninayopewa, nauliza kwa mdomo, nangojea jibu. Mgeni asipojua pa kusimama, namshika mabega mimi mwenyewe nimsimamishe. Rangi, ya aina yoyote, sitaishika tena mpaka nife, na hata jeneza langu waliache hivyo hivyo, mbao tupu.