Finjani Iliyorukwa

Keti, mwanangu, nikwambie habari ya alasiri moja ya miaka ya tisini, nyumbani kwetu Bustan, maana uchungu wake bado nnao.

Nassor alirudi likizo kutoka masomoni London, akaja na wazee wake kukamilisha posa yangu. Sote ni jamaa, tukakaa pamoja. Halua ikaliwa, mama akashika dele la kahawa. Desturi unaijua: mgeni humiminiwa mpaka mwenyewe atikise finjani, kuwa ametosheka.

Ulimi hauna mfupa, na wa Nassor ulikuwa mtamu. Akatusimulia kuwa zaidi ya miaka mia nyuma, katika mtaa wa mafukara wa London, mtu aliwachinja wanawake mmoja baada ya mmoja, asikamatwe. Leo watu hulipa kutembezwa vichochoro vile, na muuaji ana lakabu, ana vitabu, ana fulana. Tukacheka, na mimi nikiwemo.

Mama akauliza, "Na hao wanawake wakiitwa nani?"

"Siyajui majina yao, mama. Wanawake wa mitaani tu hao."

Mama akammiminia baba yake Nassor, akammiminia mama yake, finjani ya Nassor akairuka. Naye alikuwa hajaitikisa! Wazee wake wakafahamu kuwa posa imekufa, wakaenda zao.

Nikamlilia mama, nikamwambia kanivunjia nyumba kabla haijajengwa. Ndipo aliponambia habari ya mdogo wake wa kike, aliyekutwa ameuliwa Ng'ambo, Unguja.

"Watu walisema, si yule wa mitaani? Basi hata kutafutwa muuaji hakutafutwa. Pengine muuaji mwenyewe alikuja hitmani kumsomea, akala pilau yetu."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilimpenda Nassor, na mama nilimnunia miaka. Hata nilipoolewa na baba yako, kinyongo nilikwenda nacho. Kilinitoka siku niliyokuzaa, mama akaomba jambo moja tu, nikupe jina la mdogo wake.

Basi, Salma, ukisikia mtu kauliwa, uliza kwanza jina la aliyeuliwa. La muuaji lina wabebaji wengi. Na anayemcheka maiti kwa kuwa alikuwa fukara, usimpe mkono wako, hata awe mzuri vipi.

Mola akukinge na shari za watu, na siku utakayoitwa Kwake, usikose wa kukutaja.