Kadi Nyekundu Shingoni mwa Doreen

Doreen Kowalczyk amelisha panya wazee kwa miaka kumi na tisa katika maabara moja jijini Buffalo, Marekani, inayotumia kodi zetu kutafuta namna ya kurefusha uzima wa binadamu. Panya akichechemea, kizimba chake hutundikwa kadi nyekundu, na daktari wa mifugo lazima afike kumtibu kabla ya adhuhuri. Goti la Doreen limekwisha, na bima ya afya aliyopewa na maabara imekataa kulipia upasuaji mara mbili. Jumatatu, siku ambayo wabunge walikuja kukagua maabara, akajivika kadi hiyo shingoni.

“Vua hiyo, Doreen! Wabunge wako getini,” mkurugenzi alifoka.

“Daktari wangu yuko wapi, bosi?”

“Kwani wewe panya?”

“Ningekuwa panya ningeshatibiwa.”

Alifukuzwa papo hapo. Wabunge wakaonyeshwa panya mkongwe anayerukaruka, wakapiga makofi, wakaahidi kuongeza fedha.