Mgongo wa Luhaga

Madereva wa malori wakikutana pale Mikumi, wakishakula wali wao na kuagiza chai, mazungumzo huishia kwenye maradhi. Huyu kiuno, yule magoti, mwingine bega. Luhaga hukoroga chai yake tu. Ana miaka hamsini na sita, na bado anashuka kwenye kabini ya lori bila kushika kitu. Wakimbana awaambie anatumia dawa gani, husema, "Nilikuwa na mwalimu." Wanacheka, wakidhani anawazungusha, naye huwaacha wacheke, kwa sababu habari yenyewe ni ndefu na inamuuma kidogo.

Miaka tisa nyuma hakuwa mtu wa kushuka popote. Mguu wake wa kushoto ulianza kufa ganzi kwenye klachi, kisha kiuno kikakaza, kisha asubuhi moja akashindwa hata kuvaa soksi. Daktari alitazama picha, akavua miwani, akamwambia apumzike miezi sita, na kwamba hata baada ya hapo hawezi kumwahidi usukani. Luhaga alitoka pale amenywea. Ni mtoto wa wafugaji waliotoka Usukumani wakahamia Malolo na ng'ombe wao, na alikuwa na miaka ishirini alipomwambia baba yake uso kwa uso kwamba hataki ng'ombe, anataka lori. Mzee hakusema naye mwaka mzima. Sasa angerudi kwake na nini, fimbo ya kutembelea?

Basi akajitibu mwenyewe. Kwenye simu alikuta video ya jamaa mmoja mwembamba, amevaa kaptura, anajikunja kama chapati huku anatabasamu. Yoga, wakaandika chini, huponya mgongo. Luhaga akatandika mkeka uani, akaegemeza simu kwenye ndoo, akaanza. Siku ya nne jamaa aligusa vidole vya miguu. Luhaga naye, dereva mwenye miaka ishirini na mbili barabarani, hakukubali kushindwa na mtu mwenye kaptura. Alivuta pumzi, akajilazimisha mpaka chini, na hapo kiuno kikalia kaa! Mkewe Happiness alimkuta amelala kifudifudi, jamaa wa kwenye simu bado anatabasamu.

"Sasa huyo anakuona?" Happiness aliuliza.

"Ananionaje, yuko kwenye simu."

"Ndiyo nakuuliza. Anakufundishaje mtu asiyekuona?"

Ni Happiness aliyeulizia kwa wanawake wenzake mpaka akapata jina. Kulikuwa na mama mtu mzima huko Magomeni, Kilosa, anaitwa Mwalimu Marciana. Muuguzi mstaafu. Yoga alianza nayo akiwa msichana, kwa bibi mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliyemfundisha miaka kumi na moja kabla ya kumruhusu amshike mtu mwingine yeyote. Tangu hapo alikuwa amefundisha miaka thelathini. Jumamosi iliyofuata Luhaga alipanda basi la Kilosa, amejifunga kitenge cha mkewe kiunoni chini ya shati, kila shimo la barabara akilitukana kimoyomoyo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Umepona safari?"

Chumba kilikuwa cha uani, sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, mikeka sita ya ukindu na dirisha moja linalotazama mpapai. Mzee Mwinshehe, mstaafu wa reli, alikuwa amekwishakaa kwenye mkeka wa pembeni. Luhaga alivua viatu, akajiandaa kujikunja. Hakuambiwa ajikunje. Mwalimu alimwambia akae, asimame, ainue ndoo ya maji, aivue saa mkononi na kuivaa tena. Mwenyewe alikuwa akimzunguka taratibu, mikono nyuma, anamtazama kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Luhaga aliona haya, maana mnadani yeye ndiye aliyezoea kutazama.

"Haya," mwalimu akasema mwishoni. "Leo lala chali upumue. Basi."

Wiki ya pili, hivyo hivyo. Luhaga alirudi Mikumi amefura. "Nimekwenda mpaka Kilosa kufundishwa kupumua! Mimi nimepumua tangu nizaliwe, sikumsumbua mtu!" Happiness alimwekea chakula.

Wiki ya tatu mwalimu alimkalisha kwenye kigoda, akamwambia ainame mbele polepole, asisukume. Luhaga aliinama. Alikuwa anaona anakwenda vizuri kabisa pale mkono mkavu, wenye joto, ulipotua chini ya mbavu zake.

"Simama hapo hapo. Uko wapi sasa?"

"Niko hapa, mwalimu."

"Hapana. Umefunga pumzi, taya umekaza, mguu wa kushoto unakanyaga kitu ambacho hakipo. Nakuuliza uko wapi."

Luhaga alitaka kucheka, ila kicheko hakikutoka. Akasema kwa sauti ndogo, "Kitonga."

Mzee Mwinshehe alifumbua macho. Hakuna asiyeujua mlima ule wa njia ya Iringa, kona juu ya kona, korongo upande mmoja. Luhaga alieleza kwamba dereva mwenye mzigo akianza kuushuka hafanyi mchezo: unakaza tumbo, unakaza meno, pumzi unaishika mpaka chini. Hakuna aliyemfundisha. Wote wanafanya hivyo.

"Kwa mwezi unashuka mara ngapi?"

"Mara sita. Nane."

"Miaka ishirini na mbili." Mwalimu alikuwa anahesabu. "Na lori lako, upepo wa breki ukiisha kwenye mitungi, linakwendaje?"

"Haliendi, mwalimu. Breki zinajifunga zenyewe."

"Nani amekuambia wewe ni tofauti?"

Mkono haukuondoka. Luhaga aliachia pumzi, na mgongo wake, ambao jamaa wa kwenye simu alikuwa ameuvunja kwa tabasamu, ulishuka wenyewe kama nusu inchi. Nusu inchi tu. Machozi yalimtoka mbele ya mstaafu wa reli, na wala hakujua analia nini.

Kuanzia siku hiyo alikuwa mtu wa Jumamosi. Yapo mambo ambayo mpaka leo akiyakumbuka hupunguza mwendo barabarani. Harufu ya ukindu ulionyunyiziwa maji. Mzee Mwinshehe akiguna kila anapoinua mguu, na mwalimu akimwambia, "Treni imefika, mzee, shusha abiria." Jinsi mwalimu alivyoweza kuwa amewapa mgongo, anafunga dirisha, na bado akasema, "Luhaga, bega." Mikao yenyewe haikuwa mingi. Nane, labda tisa. Alichokuwa nacho yule mama ni macho, na macho yale yalikuwa yamekaa miaka arobaini juu ya migongo ya watu.

Mwezi wa tatu wa masomo maumivu yaliisha. Mwezi huo huo tajiri wa lori akapiga simu: gari ni jipya, haliwezi kukaa, Jumatatu Luhaga asipofika anapewa Samweli, dereva mwenzake. Luhaga alikwenda Kilosa Jumamosi akiwa ameshafungasha begi. Mwalimu alimweka kwenye kigoda, akamwambia akae kama anaendesha, naye akachukua ungo akaanza kuchambua choroko. Dakika arobaini zilipita bila neno.

"Nyonga imeinuka," akasema bila kuacha choroko zake. "Bado."

"Mwalimu, siumwi popote."

"Najua huumwi. Bado."

"Nitapoteza gari!"

"Utalipoteza," alikubali. "Ukienda sasa utapata miezi minne, mitano, kisha hutakaa tena kwenye kiti chochote. Mimi sikufungi kamba, baba. Mlango ule pale."

Alikaa. Mpaka leo hajui alipata wapi nguvu za kukaa. Jumatatu Samweli alipita Mikumi na lile lori, akapiga honi kwa heshima, na Luhaga akaingia ndani asilione. Jumamosi zilizofuata aliendelea kwenda, lakini amenuna. Shikamoo, marahaba, basi. Wiki ya kumi na moja tangu siku ile ya choroko mwalimu alimwambia, "Sasa nenda," naye akaondoka bila hata kugeuka. Alipata lori jingine, kuukuu, lenye kiti kilichochanika. Lile la Samweli alikuwa akipishana nalo barabarani, na kila walipopishana kinyongo kilijirudia upya.

Kinyongo ni kitu cha ajabu. Miaka ikapita, mgongo ukakaa kimya, akashuka Kitonga anapumua kama mtu aliyelala, na bado hakukata kona kwenda Kilosa. Alijiambia mzigo una haraka. Alijiambia Kilosa iko pembeni. Mwaka huu Samweli, mdogo kwake kwa miaka minane, ameacha kazi kwa sababu ya kiuno. Luhaga aliisikia habari hiyo akiwa na kikombe cha chai mkononi, akakiweka chini. Asubuhi yake aliliacha lori Mikumi, akapanda basi na gunia dogo la vitunguu, kwenda kusema asante aliyoichelewesha miaka minane na zaidi.

Mlango ulifunguliwa na Editha, binti wa mwalimu. Alimkaribisha vizuri, lakini kabla ya kuingia alimshika mkono. "Mama yupo, ila kumbukumbu zimeondoka. Usije ukashangaa."

Mwalimu Marciana alikuwa kwenye kiti dirishani, amekuwa mdogo kama msichana. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, padri." Luhaga alisema yeye si padri, ni Luhaga, dereva, wa Mikumi. Aliitaja Kitonga, akamtaja marehemu Mzee Mwinshehe, akazitaja choroko. Mama wa watu alitabasamu kwa adabu, akamwomba amwombee. Asante aliyoileta Luhaga ilimkwama, maana huwezi kumshukuru mtu kwa jambo ambalo kwake halikuwahi kuwepo. Alikaa nusu saa, akaaga.

Viatu alikuwa ameviacha mlangoni. Aliwapa mgongo waliomo ndani, akainama kuvivaa, polepole, akiachia pumzi, akafunga kamba za kiatu cha kwanza na cha pili.

"Wewe," sauti ilimwita nyuma. Haikuwa ile ya kumwita padri. Luhaga aligeuka. Mwalimu alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye kiti, macho yamekaza, anamtazama kiunoni.

"Nani alikufundisha kuinama hivyo?"

"Ni wewe, mwalimu."

Mwalimu alimtazama tena, kutoka juu mpaka chini, hana haraka. Kisha akajirudisha kwenye kiti, ameridhika.

"Basi nilikuwa najua kazi," akasema.

Luhaga alivua viatu vyote viwili, akarudi ndani.