Grili kwa Mama Muuguzi

Mtaani walimwita Dirisha, maana dirishani ndiko alikopitia kuingia nyumba za watu, mpaka akafungwa miaka miwili. Alipotoka, chuo cha ufundi kinachopokea vijana waliokosa pa kushika kilimfundisha kuchomea vyuma. Kichwa alikuwa nacho, mkono pia. Kilichobaki ni miezi mitatu ya mazoezi kazini, na karakana nne zilimfukuza kabla hata hajaketi. Bila mazoezi, cheti hakuna.

Ya tano ilimpokea, ya fundi mmoja mzee mwenye kikohozi na maneno mengi.

"Mwizi wa madirisha anifungie grili! Dunia imekwisha. Haya, shika brashi, upake rangi."

Alipaka, akakata nondo, akachomea. Kazi ya mwisho, ambayo chuo kilitaka isainiwe na mteja, ikawa kwa muuguzi mmoja mjane. Fundi hakujua kitu. Dirisha alijua tangu walipokata kona. Nyumba ile aliwahi kuiingia. Angeweza kusingizia tumbo, watu husingizia tumbo kwa madogo zaidi ya hayo. Hakusingizia.

Muuguzi alimtazama, akatua beseni la nguo.

"Si ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mama. Nisamehe."

Fundi alianza kukusanya vifaa vyake kwa haya.

"Acha, fundi," muuguzi alisema. "Afunge yeye."

Dirisha akatoboa ukuta kwa tindo, kina cha kiganja kizima, mahali ambapo wengine huridhika na vidole viwili.

"Unachimba kisima?" fundi aliuliza.

"Tundu likiwa fupi hapa juu, fundi, mtu anang'oa kwa mtalimbo bila kelele."

Fundi akachanganya saruji, grili ikafungwa.

"Saruji ikikauka," muuguzi alisema, "urudi na mtalimbo. Uingie kama ulivyoingia siku ile. Ndipo nitasaini."

Siku ya nne alirudi. Majirani wakajaa uani.

"Haya Dirisha, tuonyeshe ufundi!" mmoja alipaza sauti, wakacheka.

Hakuigiza. Alijaribu kila pembe kwa uzito wake wote, jasho likimtiririka hadi viwikoni, na kicheko kikaisha chenyewe. Kilichoanguka ni plasta kidogo tu.

"Umetumia nguvu zote?"

"Zote, mama."

Muuguzi mwenyewe akaitikisa grili. Akasaini.

"Nimesaini kazi," alisema. "Wewe sijakusaini bado."

"Sawa, mama."

Akaomba ufagio, akazoa ile plasta chini ya dirisha, ndipo akaondoka.